Waya Chini ya Miguu ya Bibi

Gari jeupe liliingia uani bila mngurumo. Bibi alisikia kokoto zikisagika chini ya magurudumu, akajua mwanawe amerudi.

"Mumeo huyo," alimwambia mkamwana wake. "Mwambie aniwekee moto wangu."

Mkamwana alicheka bila kuinua macho kwenye cherehani. Alikuwa mshonaji, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa ofisi yake. Mume wake alikuwa dereva wa kubeba abiria. Alikuwa ameuza gari lake la petroli na kununua hili la umeme. Siku lilipofika, majirani walilizunguka kama bibi harusi. Mzee mmoja aliinama kutafuta bomba la moshi, akalikosa, akasema, "Sasa hili linapumulia wapi?"

Gari lilichajiwa kutoka chumbani kwa Bibi, kwa sababu dirisha lake lilitazama uani. Dereva alinunua ekstensheni ndefu, iliyozungushwa kwenye gurudumu la plastiki. Alivuta kipande kidogo tu, akakipitisha dirishani hadi kwenye gari. Waya uliobaki aliuacha umezungushwa vilevile, kando ya kitanda cha mama yake. Hakutaka unyeshewe. Hakutaka uibwe.

Gari likianza kuchaji, Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda. Aliweka miguu juu ya lile gurudumu, akaifunika blanketi. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari tangu zamani, na miguu yake ilikuwa na ganzi. Kila siku alilalamika kwamba ni ya baridi.

"Hili gari limeniletea raha," alisema. "Waya una vuguvugu tamu."

"Mama, utakuja kuupenda waya kuliko mimi," alisema mwanawe.

"Wewe ulinipasha miguu lini?"

Wote walicheka.

Jioni moja jirani yao alikuja kuchukua suruali yake ya kazi iliyokuwa inashonwa. Alikuwa fundi umeme. Mtaani walimwita Mama Nguzo, kwa sababu alipanda nguzo za umeme kama anapanda ngazi za kwake. Aliingia kumsalimia Bibi, akaona waya.

"Nani kauweka huu hapa?"

"Mimi," alisema dereva. "Nimechomeka sasa hivi. Kuna nini?"

"Kwanza, huu ni mwembamba. Ni waya wa taa na redio. Gari linavuta umeme mwingi, tena kwa saa nyingi. Pili, umeuacha umezungushwa. Waya unaofanya kazi hutoa joto. Ukiwa umenyooshwa, joto linatoka. Ukiuzungusha hivi, joto linajifungia humo humo, mpaka plastiki inayeyuka."

Dereva aliinama akaushika. "Baridi kabisa."

"Umechomeka sasa hivi. Ushike baadaye."

"Mama anaukanyaga mpaka gari linajaa. Anasema ni vuguvugu tu. Ungekuwa wa moto, si angelia?"

"Msinigombanie," alisema Bibi. "Mimi niko sawa."

Mama Nguzo alimtazama dereva. "Ukunjue wote leo, uunyooshe. Halafu nije nikuwekee laini ya gari peke yake."

"Kesho," alisema dereva.

Mama Nguzo alipoondoka, dereva alimgeukia mkewe. "Umemwona? Anatafuta kazi tu. Ukimsikiliza fundi umeme, utabomoa nyumba nzima."

Mkewe alitaka kujibu. Lakini kulikuwa na gauni la mteja mezani, naye mteja alikuwa njiani. Akarudi kushona.

Wiki ile mvua ilinyesha sana. Siku moja gari lilirudi mchana, chaji imekaribia kwisha. Dereva alilichomeka, waya ukiwa bado umezungushwa, akaenda dukani.

Baadaye mkewe alisikia harufu ya plastiki. Alidhani ni pasi yake. Akaigusa, ilikuwa imezimwa. Harufu ikazidi. Akakimbilia chumbani kwa Bibi.

Chumba kilikuwa na moshi. Bibi ameketi mahali pake, miguu chini ya blanketi.

"Nani anachoma plastiki?" aliuliza. "Mwambieni aende mbali."

Moshi ulikuwa unatoka kwenye blanketi lake.

Mkamwana alirudi mbio mlangoni akazima swichi kuu ya nyumba. Kisha akambeba Bibi hadi nje. Blanketi liliwafuata. Lilikuwa limegandana na unyayo.

"Unanivutia nini?" Bibi aliuliza. "Mbona siumwi?"

Mkamwana akafungua bomba, akaimwagia miguu maji. Hakulibandua blanketi lililogandana. Mumewe alifika, akaona, akakimbia kuleta dawa ya meno.

"Weka hiyo chini," mkewe alimwambia. "Maji tu. Leta gari."

Dereva alilitazama gari. Chaji isingefika hospitali. Waliazima gari kuukuu la petroli la jirani mwingine, mwenyewe akaendesha, na dereva akakaa nyuma na miguu ya mama yake mapajani.

Mguu wa kushoto ulipona polepole. Wa kulia ulipata vidonda visivyofunga. Daktari akaukata chini ya goti.

Muuguzi aliwaeleza dereva na mkewe. "Kisukari kimeua hisia za miguu yake. Mwenye ganzi asipashwe miguu kwa kitu cha moto. Avae soksi. Mguu wenye ganzi ukisema vuguvugu, ujue mkono wako ungeungua."

Dereva alitazama mikono yake.

Waliporudi nyumbani, alikwenda mwenyewe kwa Mama Nguzo.

"Sema tu unachotaka kusema," alimwambia.

"Sina la kusema. Nipe ngazi."

Mama Nguzo alivuta waya mnene kutoka kwenye boksi kuu, kwa ajili ya gari peke yake. Aliuwekea swichi yake, inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Aliweka na waya wa ardhini, wa kupitishia umeme unaovuja. Kisanduku cha kuchajia alikifunga ukutani, nje, chini ya paa. Hakuna kilichopita tena chumbani kwa mtu.

Gari lilipokuwa limechaji kwa muda mrefu, alisema, "Sasa shika waya."

Dereva alishika. Haukuwa wa moto.

Siku hizi huushika kila anapochaji, hata kama ana haraka. Majirani wawili walionunua magari ya umeme walimwita Mama Nguzo kabla ya kuchomeka chochote. Gari halijakosa tena chaji anapolihitaji. Ndilo linalompeleka Bibi kliniki, na mwanawe ndiye anayembeba hadi ndani.

Baridi iliporudi, mkamwana alishona soksi za kitambaa kizito, laini ndani. Mikono yake ilikata jozi, kama kawaida, kabla hajafikiri. Alimletea Bibi zote mbili, na hapo ndipo alipoona alichofanya.

Bibi alivaa moja. Nyingine aliikunja, akampa mwanawe.

"Weka garini. Utafutia kioo."

Dereva aliipokea. Asubuhi ile kioo kilikuwa na ukungu, lakini soksi aliiacha imekunjwa, akakifuta kwa kiganja.