Aliyeitikia Kutoka Kiti cha Nyuma

Habari hii msiitafute kwa wengine, wengine hawakuwepo. Mimi nilikuwa juu ya paa la kanisa la kijiji cha Wickering Parva, naziba bamba la risasi lililochanika, na tundu lile lilinionyesha yote.

Chini yangu Bi Enid Larkham alisali sala ya jioni peke yake. Waumini wenzake walikwishahamia makaburini, mmoja mmoja, akiwemo mumewe, na askofu alishasema kwamba siku sala itakapokoma, mlango utatiwa kufuli. Kwa hiyo kila jioni ya baridi alikuja na chupa yake ya chai, akasoma maneno ya kasisi, kisha akajiitikia mwenyewe.

Jioni moja akasema, kwa mazoea, "Bwana awe nanyi." Kabla hajaitikia, kiti cha nyuma kikalia kama kimekaliwa.

"Na roho yako," sauti ikajibu.

Hivyo ndivyo walivyoitikia wazee wa kale, kwa kitabu ambacho siku hizi kinaliwa na nondo kabatini. Bi Enid akampelekea habari Kasisi Giles, kijana mwenye makanisa sita na gari moja bovu. Giles akamtania kwamba ameionja divai ya altare. Lakini alipokaa naye jioni iliyofuata, ilipanda harufu ya sufu iliyolowa, mshumaa ukainama pasipo upepo, sauti ikaitikia kutoka kiti cha katikati, kisha kiti cha mbele zaidi, naye Giles akanyunyiza maji ya baraka na kukiamuru kitu kile kitoke kwa jina la Utatu huku jasho likimtiririka katika baridi ile, mpaka pakawa kimya.

"Mtu peke yake hasemi 'nanyi', mama," akanong'ona. "Umemkaribisha yeyote aliyekuwapo. Usiseme tena, hakitarudi."

"Na mimi nitabaki na nani?"

Giles akatafuta funguo za gari.

Kesho yake Bi Enid aliliruka neno lile. Akasali na kuitikia, akasali na kuitikia, na ukimya ukamrudishia sauti yake kavu kutoka kila ukuta, hata akashindwa kuvumilia, akamimina chai vikombe viwili, kimoja akakiweka kitini kando yake.

"Bwana awe nanyi," akasema polepole.

"Na roho yako." Safari hii, sikioni.

Alitoka akitabasamu, na kikombe kile kimejaa vilevile, chai imepoa.

Kanisa halijafungwa hadi leo. Nami, kwa kuwa ni mtu mkweli, naungama kwamba kitu kimoja nimekitunga ili mpate usingizi: kikombe hakikurudi kimejaa. Kilirudi kitupu, na ukingoni kina udongo.