Maneno ya Kilatini kwa Namono

“Nisome tena?” Nasimiyu aliuliza, simu ya Khaemba mkononi. “Au umesikia vizuri?”

“Nimesikia.”

“Mimi nasoma tena. ‘Nimekagua. Sasa iko sawa: Semper amata. Usimwambie Nasimiyu mpaka kazi iishe.’ Beverlyne. Huyu Beverlyne ni nani? Na ni kazi gani ya kunificha mimi, harusi ikiwa Jumamosi?”

Khaemba alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni aliyekuja kudaiwa. Alikuwa ametoka Mbale asubuhi, akafika kwa Nasimiyu, Walukuba, na tabasamu lake lote. Ujumbe ukaingia wakati ananawa mikono, na simu ilikuwa mezani, karibu na jicho la Nasimiyu.

“Anafundisha kwaya kule Nkoma,” alisema. “Amesoma kwa masista, Kilatini anakijua. Nilimwomba anikagulie maneno mawili tu.”

“Nani anaandikiwa?”

Khaemba alitazama sakafu.

“Namono.”

Namono alikuwa mke wake wa kwanza, mama wa binti yake Juliet. Ni marehemu, amelala nyumbani kwa wazazi wa Khaemba, nje ya mji wa Mbale.

“Fundi anasakafia kaburi leo,” Khaemba aliendelea. “Wazee wetu wamekataa mke mpya aingie boma ambalo kaburi la wa kwanza bado ni udongo mtupu. Wanasema ni kama umemtupa.”

“Kwani mimi nimetoka wapi? Hayo hata kwetu yapo. Ungesema, ningekuja kumpikia fundi chakula. Hayo maneno yanasemaje?”

“Mama, tuyaache.”

“Yanasemaje, Baba Juliet?”

“Anayependwa daima.”

Nasimiyu aliiweka simu mezani taratibu. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikasirika, sauti yake hushuka, na wanaomjua huanza kutafuta viatu.

“Daima,” alisema. “Kwa hiyo mimi nakuja kwako kuwa nini? Mpishi?”

“Sivyo.”

“Na kwa nini Kilatini? Wewe hata sala ya asubuhi unaisahau katikati.”

“Alikuwa anaimba kwaya. Alizipenda nyimbo za—”

“Khaemba. Mimi nimezaa na nimelea. Uongo nausikia ukiwa bado uko mlangoni.”

Khaemba alikuna shingo.

“Alizipenda kweli. Lakini niliandika hivyo ili wewe usielewe. Nilitaka kulisema neno hilo mahali ambapo halitakuumiza. Na hata kulisema sikujua. Mara ya kwanza niliandika amatus. Beverlyne akacheka, akaniambia hiyo ni ya mwanaume.”

Nasimiyu alitaka kubaki na hasira yake, lakini kicheko kilimtoka puani.

“Yaani nusura umzike mara ya pili, safari hii akiwa na ndevu!”

Hapo simu ikalia. Alikuwa Mugweri, fundi. Khaemba alibonyeza kipaza sauti, kwa kuwa hakuwa na la kuficha tena.

“Bwana Khaemba, simiti inaanza kushika. Ulisema unaniletea maneno. Niandike nini?”

Khaemba alimtazama Nasimiyu, akaona uso umekunjwa tena.

“Acha tu, Mugweri. Usiandike kitu. Andika jina lake peke yake.”

“Ngoja, fundi!” Nasimiyu alidakia. “Usikate.” Akamgeukia Khaemba. “Umemfuta haraka hivyo? Nimekunja uso kidogo tu, mwenzangu amepoteza maneno yake? Na siku nikilala mimi pale, mwingine akinuna, utanifuta na mimi?”

“Nilidhani ndivyo unavyotaka.”

“Hujaniuliza ninachotaka. Juliet yuko darasa la ngapi?”

“La tatu.”

“Anasoma?”

“Anasoma mpaka mabango ya barabarani.”

“Basi atasoma na kaburi la mamake. Ataniuliza mimi, maana wewe utakuwa kazini gereji. Nimwambie nini? Kwamba babake aliandika kwa lugha ya mapadri ili mama wa kambo asielewe?”

Khaemba alifunika uso kwa viganja.

“Nakupenda, Nasimiyu. Sijui tu kuwapenda wawili bila kumkosea mmoja.”

“Mmoja amekufa, mmoja anapumua. Hatutagombania kitanda. Kinachoniudhi ni kufichwa. Ukinificha tena, hata iwe bei ya nyanya, narudi Walukuba siku hiyo hiyo.”

“Nimesikia, mama.”

“Na Jumamosi nitapita kaburini kwanza kumwamkia Namono, ndipo niingie nyumbani.”

“Jamani, simiti!” Mugweri alilalamika.

Nasimiyu akaivuta simu.

“Haya, andika. S, E, M...”

“Samahani, naongea na nani?”

“Mke wa Khaemba.”

“Mke? Si ndiye tunamsakafia?”

“Huyo ni Namono. Mimi ni Nasimiyu. Andika, bwana. S, E, M, P, E, R.”

Akamsomea herufi moja moja kutoka kwenye ujumbe wa Beverlyne, Khaemba akifuata kwa midomo.

“Tayari,” alisema fundi.

“Chini yake weka Kiswahili, herufi kubwa, mtoto aone vizuri. Andika: ‘Mama Juliet, unapendwa daima.’”

“Ni marefu. Nafasi ni ndogo.”

“Yabane hapo hapo.”

Mugweri akaiweka simu kando bila kuikata. Kisha wakasikia, kutoka mbali kule Mbale, msumari ukikwaruza simiti mbichi. Khaemba alitafuta mkono wa Nasimiyu juu ya meza, akaupata, na wakasikiliza hivyo mpaka herufi ya mwisho.