Maandishi Mekundu ya Wodi ya Wanaume

Mzee alikuwa kitandani, uso umevimba, bomba la sindano ya penisilini likiwa bado kwenye trei. Mzio, daktari alisema. Na kwenye kompyuta ya wodi, chini ya jina la marehemu, maandishi mekundu yalisomeka: penisilini marufuku.

"Nilipoangalia asubuhi hayakuwepo," daktari aliapa. "Ilionekana hana mzio wowote."

"Niliyaandika jana, binti yake aliponiambia," muuguzi alisema.

Inspekta alimgeukia fundi wa mifumo, kijana mtanashati ambaye hospitali nzima ilimwita Umeme.

"Yaliandikwa lini?"

"Mfumo hautunzi muda, afande."

Basi Inspekta akaona mambo yako wazi: muuguzi alisahau, mgonjwa akafa, akaandika baadaye ili ajikoshe. Akamfunga pingu palepale, wagonjwa wakitazama. Mama wa watu, kichwa kimeshaingia mvi, akatembezwa ukumbi mzima huku ameinamisha uso. Inspekta hakuona vibaya wakati ule. Alitaka kufunga jalada aende zake.

Kesho yake alirudi hospitali, akaenda duka la dawa kuchukua orodha ya dawa za marehemu iwe kielelezo. Mfamasia alibonyeza kitufe, akasubiri, akasubiri tena.

"Samahani, afande. Mashine imerudia ukobe wake."

"Imerudia?"

"Zamani ukitafuta mgonjwa unapiga miayo mpaka taya zinauma. Umeme akaitengeneza, ikawa inajibu papo hapo. Tangu jana alipokufa yule mzee, tumerudi kulekule."

"Kabla sijafika au baada?"

"Kabla. Nilikuwa nahangaika na foleni ndipo nikasikia king'ora chenu."

Inspekta alijiuliza. Nani anaiharibu kazi yake nzuri mwenyewe, tena maiti haijapoa?

Alimkuta Umeme ofisini, akafunga mlango.

"Uliupaje mfumo kasi?"

"Badala ya kuisumbua kanzidata, yaani ghala la taarifa zote, kila mara, mfumo unaiuliza mara moja. Jibu linawekwa kwenye kumbukumbu ya seva, na anayefuata kuuliza anapewa hilohilo."

"Na taarifa ikibadilika?"

Umeme aligeukia kompyuta yake.

"Nimekuuliza swali."

"Jibu la zamani linatakiwa lifutwe. Kwenye ukurasa wa mzio sikuweka agizo la kulifuta. Nilipitiwa."

"Kwa hiyo muuguzi aliandika, daktari akaoneshwa jibu la zamani."

"Ndiyo."

"Ukaizima ile kumbukumbu ili nisiione. Na muda wa kuandika?"

Umeme alibonyeza kibodi. "Upo, afande. Aliandika siku moja kabla ya kifo."

"Kupitiwa nakuelewa. Lakini ulisimama ukanitazama nikimfunga pingu. Kwa nini?"

Umeme aliangua kilio. "Waliniita Kobe. Mikutanoni, kantini, hata mke wangu alipokuja kutibiwa walimwita mke wa Kobe. Nilipouharakisha mfumo, yule mama muuguzi ndiye aliyesimama mbele ya wote akanipigia makofi, akanibatiza Umeme. Ningemwambiaje yeye, afande? Niliona aibu. Nikasema nitasema kesho."

Inspekta naye jana alikuwa na haraka.

Alimpeleka kituoni, kisha akaenda mwenyewe kufungua mlango wa mahabusu. Muuguzi alikuwa ameketi sakafuni, miguu peku. Inspekta alichuchumaa mbele yake, macho yakiogopa kukutana na yake.

"Mama, nisamehe. Uliandika. Ushahidi tumeupata."

Muuguzi alimtazama kama hakusikia vizuri.

"Niliandika kweli, mwanangu?"

"Uliandika, mama. Mapema kabisa."

"Mlivyosema wote sikuandika, nikaona labda ni utu uzima, akili imenitoka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Binti wa marehemu alikuja hapa asubuhi. Nilimpigia magoti, nikamwambia mimi ndiye niliyemuua baba yake."