Kiraka Kilichogeuzwa

Watu wa Mwanza si wepesi wa kudanganyika. Ilipotangazwa, Julai ya mwaka tisini na tano, kwamba ukumbi wa parokia utakuwa na maonyesho ya mablanketi ya viraka, tena kwa tiketi, wengi waliuliza tangu lini mtu akalipa kuangalia viraka na nyumbani anavyo vya bure. Hata hivyo walikuja. Kufikia saa nne asubuhi ya Jumamosi hiyo mlango ulikuwa umeziba, na ndani mablanketi arobaini yalining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta.

Yalipendeza, tuseme ukweli. Kulikuwa na pembetatu ndogo zilizopangwa zikawa nyota. Kulikuwa na sato na sangara waliokatwa kwenye vitenge wakashonewa juu ya kitambaa cheupe. Blanketi moja la wanawake wa Magu halikuwa na kiraka hata kimoja upande wa juu, ila mishono tu, maelfu ya mishono midogo iliyoibana pamba katikati na kuchora mawimbi. Aliyewafundisha wote ni Mama Shamsha, mwalimu mstaafu, ambaye bibi yake alikuwa akishona mablanketi ya namna hiyo kwa sari kuukuu.

Luhaga alikuja kwa wivu wa kazi. Huyu ni fundi cherehani wa barazani kwa Mzee Ramesh, mwenye duka la vitambaa Makoroboi. Mabaki ya vitambaa vyake aliyagawa mara mbili: gunia moja la Mama Shamsha, gunia jingine la Chenge, mtengeneza mito wa Kamanga, aliyevuka ziwa kila Alhamisi kuja kulichukua. Chenge alikuwa hamsumbui mtu. Lakini kwamba vipande vya Mama Shamsha sasa vinatazamwa kwa tiketi, hilo Luhaga alitaka kuliona kwa macho yake.

Akasimama mbele ya blanketi la buluu, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaanza kusoma viraka kwa sauti.

"Hii suruali ya karani wa forodha. Hii bi harusi wa Misungwi, alinenepa wiki ya mwisho."

"Na hiki cha kijani?" sauti ikauliza nyuma yake.

"Suruali ya mwalimu mmoja. Hajaja kuichukua mpaka leo."

Aligeuka. Aliyeuliza alikuwa binti mrefu mwenye gauni la njano lililofura mabegani, nywele amezisuka mistari, na kicheko amekibana kwenye shavu moja. Mwanamume akitazamwa hivyo huongeza maneno, na Luhaga akaongeza.

"Kazi nzuri sana hii, dada. Ila aliyeshona alisinzia hapa. Kiraka kimegeuzwa, ndani kumekuwa nje, na kina uzi mwekundu wa kuzibia tundu. Ovyo kabisa."

"Aliyeshona ni mimi," alisema yule binti. "Na sikusinzia."

Luhaga alitamani blanketi lile limfunike. Akaomba radhi mara tatu, kisha, kwa kuwa umbea wa ufundi haumwachi mtu, akauliza kwa nini basi amekigeuza.

"Siku moja nitakwambia. Ngoja kwanza. Leo umejua suruali za watu tu, mimi hujanijua."

Jina lake Odeta, mzaliwa wa Ukerewe, opereta wa simu kwenye ofisi ya mmojawapo wa wanunuzi wapya wa pamba walioingia mjini soko lilipofunguliwa. Kumjua, basi, kulihitaji simu, na simu ilikuwa juu ya meza ya Mzee Ramesh. Kila siku saa tano Luhaga alipata shida ya ghafla ya kuulizia bei ya pamba.

"Kampuni ya pamba, habari za asubuhi."

"Nzuri. Naomba uniunganishe na mwenye sauti hiyo."

"Mwenye sauti yuko kazini."

"Basi niambie sauti yenyewe inatoka saa ngapi."

Ilitoka saa tisa na nusu, na saa tisa na nusu Luhaga alikuwa mlangoni, shati limenyooshwa, suruali ina mkunjo wa kukatia nyanya. Jumapili walikwenda Mwaloni kula sato wa kukaanga, na Odeta akamfundisha kwamba katika blanketi la viraka hakuna kitambaa kibaya, kuna jirani mbaya tu. Mzee Ramesh alilalamika kwamba simu yake imegeuka posta ya mapenzi, lakini saa tano ikifika bila Luhaga kusimama, ni yeye aliyemkumbusha. Wiki ya saba Luhaga alijua kwamba bila Odeta hatakuwa na raha tena, akaanza kutafuta zawadi ya kumpa kabla hajamwambia neno hilo kubwa.

Hapo ndipo alipoharibu.

Septemba yalikuwepo maonyesho ya pili, ya kutafuta blanketi moja la kupelekwa Dar. Pindo la blanketi la Odeta lilikuwa limefumuka kwa kushikwashikwa na watazamaji, naye akampelekea Luhaga alipige mashine. Luhaga akalipiga, safi kabisa. Kisha akakitazama kile kiraka kilichogeuzwa. Akawaza majaji watakavyokiona. Akasahau neno ngoja, akachukua wembe, akakifumua, akakata kipande kipya cha buluu ileile na kukishona mahali pake kwa mishono isiyoonekana. Kile kikuukuu akakitupa na mabaki. Alhamisi asubuhi Chenge akaja, akajitwisha gunia, akaenda zake.

Jioni ya siku hiyo Odeta alilitandaza blanketi ukumbini ili litundikwe. Luhaga alisimama kando, anangoja kushukuriwa. Odeta alipitisha mkono juu ya viraka, mkono ukafika pale, ukasimama.

"Kiko wapi?"

"Nimekurekebishia. Sasa hakuna atakayesema ulisinzia."

"Luhaga, kiko wapi?"

Alipomwambia, Odeta aliketi sakafuni.

"Lilikuwa gauni la marehemu mama yangu," alisema. "Mwaka themanini na tatu nguo zilikuwa za foleni. Gauni likachanika, akaliziba kwa ndani kwa uzi mwekundu, ndio uliokuwepo. Kwa nje huoni kitu, alikuwa na mkono mzuri. Mimi nilikigeuza ili huo mkono uonekane. Sina picha yake hata moja. Nina mishono kumi na saba. Nilikwambia ngoja."

Akalikunja blanketi, akamwambia Mama Shamsha aliondoe mashindanoni, akaondoka bila kuaga. Luhaga alibaki na uchungu ambao hakuwahi kuujua, uchungu wa mtu aliyeumiza kwa mkono uleule aliotaka kufurahishia.

Ijumaa alipiga simu.

"Odeta mpenzi, nisikilize."

"Unataka idara gani?"

"Nakutaka wewe."

"Nakuunganisha na mhasibu."

Akaunganishwa na mhasibu kweli. Mara ya pili akaunganishwa na meneja, ambaye alimweleza bei ya pamba kwa urefu. Mzee Ramesh akamnyang'anya simu.

"Wewe fundi, au mtoto?" alimwambia. "Ukikosea kipimo unazungumza na simu, au unafuata kitambaa?"

Jumamosi alfajiri Luhaga alipanda kivuko cha kwanza kwenda Kamanga.

Chenge alimpokea kwa kicheko na habari mbaya: gunia lote lilikuwa limeshakatwakatwa na kujazwa. Mito kumi na minne ilikuwa imepangwa ukutani, imenona. Luhaga alimweleza yote bila kujificha, na Chenge, ambaye ana wake wawili na anajua hasira ya mwanamke ina uzito gani, akampa wembe na sharti moja: kila mto utakaofumua utaujaza upya na kuushona upya, kwa mkono.

Wa kwanza, vumbi. Wa pili, suruali ya karani wa forodha. Wa tano, wa sita, wa nane, nyuzi zikamwingia puani, masikioni, nywele zikawa nyeupe, majirani wakaja na vigoda kutazama. Alimwomba Mungu mkasi wa Chenge uwe umekirehemu kile kiraka. Mto wa kumi na moja ukatoa kipande cha buluu, kimekatwa pembe moja tu, katikati kina uzi mwekundu. Luhaga alilia mbele ya majirani, kisha akashona mito kumi na mmoja, kwa sababu ahadi ni ahadi.

Alipoingia ukumbini ilikuwa saa kumi jioni. Matokeo yalikuwa yameshatangazwa, wanawake wa Magu wanashangilia, na ushindi ulikuwa haki yao. Lakini kwenye kamba ya katikati palikuwa na nafasi tupu. Mama Shamsha alikataza isijazwe, na blanketi la buluu alikuwa ameliweka kwenye kiti chini yake. Odeta, katibu wa kikundi cha washonaji, alikuwa akikusanya tiketi.

Watu walianza kucheka walipomwona Luhaga na nyuzi zilizomganda kama manyoya. Odeta hakucheka. Alikiangalia kiganja cha Luhaga, na kile kiraka juu yake.

"Shikamoo, Mama Shamsha," alisema Luhaga, kisha akageuka. "Odeta, sijakishona. Mara ya kwanza nilishona kabla ya kuuliza. Sasa nauliza. Kinakaa upande gani?"

Odeta alikichukua, akahesabu mishono kwa kidole. Kumi na saba. Akalia, akacheka, akamkung'uta Luhaga nyuzi nyusini, yote kwa wakati mmoja.

Walikaa pale sakafuni, Odeta akifumua, Luhaga akitunga uzi. Kile kiraka kipya kilipotoka Luhaga alinyoosha mkono akitupe, Odeta akamzuia.

"Hiki kinakaa chini ya cha mama. Cha mama kimechoka, kinataka cha kukishikilia."

"Nataka kwenda kumwona baba yako," Luhaga alisema. "Nikamwombe nikuoe. Lakini naanza kwa kukuuliza wewe."

Odeta alimaliza kushona, akakata uzi kwa meno, wakalitundika blanketi kwenye nafasi yake huku ukumbi ukiwa umeanza kupungua watu. Mzee mmoja mwenye kofia alisimama mbele ya blanketi, akainama, akaonyesha kwa fimbo.

"Hapa fundi alisinzia."

"Hakusinzia, mzee wangu," alisema Luhaga. "Ukitaka kujua, ngoja mwenyewe akwambie."

Odeta alikuwa nyuma yao, kicheko amekibana kwenye shavu moja.

"Meli ya Ukerewe inaondoka Jumatatu saa tatu," alisema. "Uje umechana nywele, mume wangu. Baba hapendi wanaume wenye manyoya."