Kapu la Maharage

Kila asubuhi ya likizo, kabla jua halijapanda juu ya migomba ya Kashebere, Falone alichota maji, akafagia uwanja, akaosha vyombo. Kazi hizo hazikumsumbua, kwa sababu zilimruhusu kwenda huku na huku. Kilichomshinda ni kukaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na miguu yake haikujua kutulia hata kanisani. Kwake hakukuwa na adhabu kubwa kuliko kuchunga sufuria ya maharage ndani ya lile jiko lao dogo lisilo na dirisha, moto ukimchoma usoni na moshi ukimtoa machozi.

Jiko hilohilo ndilo lililomwangusha mama yake. Mama Euphrasie alikuwa na mimba ya miezi minane, na wiki iliyopita, joto la kiangazi likiwa limezidi, alizimia mbele ya mafiga. Papa Sébastien hakungoja zaidi. Aliita majirani sita waje wamsaidie kujenga jiko jipya, wazi pande tatu ili upepo upite. Na watu wakikujengea bure, sharti uwalishe washibe, la sivyo utasemwa kijiji kizima.

Shangazi Athanasie alikuwa amefika kutoka Kirolirwe na vipande viwili vikubwa vya jibini, na kapu pana lililojaa majani makavu ya migomba.

"Na joto hili, nani akae jikoni kutwa?" alimwambia Falone asubuhi ya kazi. "Maharagi tuliloweka tangu jana. Yakianza kutokota kwa nguvu, uyaache motoni mpaka redio ya jirani imalize matangazo yote. Kisha funga sufuria ndani ya kapu, funika na blanketi, yataiva yenyewe mpaka saa sita. Lakini usiepue mbele ya matangazo kuisha, na ukishafunika usifunue. Maharagi yaliyopikwa nusu yanatapisha muntu. Umesikia?"

"Ndiyo, Shangazi."

Shangazi akampeleka Mama Euphrasie kupimwa kwenye kituo cha afya. Maharage yakatokota. Redio ikaanza: mbuzi mweupe amepotea, mwenye kumwona atoe habari. Wazazi wanaitwa shuleni. Harusi imesogezwa mbele. Falone alijipepea kwa kipande cha katoni, jasho likimtiririka mgongoni. Lo, matangazo ya siku hiyo yalikuwa marefu ajabu!

Rafiki yake Joséphine-Marie akachungulia mlangoni. "Wewe bado uko humo? Nzango imeanza! Wasichana wa kule juu wanatucheka, eti bila wewe hatuna miguu."

"Matangazo hayajaisha."

"Si kapu njo litapika? Umetuambia wewe mwenyewe!"

Redio ilikuwa ndiyo kwanza imefika kwa mbuzi wa pili. Falone akaepua sufuria, akaitia kapuni, akafunika, huyoo!

Nzango ni mchezo wa kurusha miguu kwa nyimbo na makofi, na hakuna aliyemweza Falone. Siku hiyo alishindwa mara tatu mfululizo. Mwili ulikuwa uwanjani, roho iko kwenye kapu. Akarudi mbio, akafunua, akatafuna punje moja. Ngumu. Akafunika. Akazunguka nyumba mara mbili, akafunua tena. Mvuke ukampiga usoni, na punje bado ngumu. Akafunika, akafunua. Moto ulikuwa umezimika, na kuuwasha upya mbele ya baba yake kungekuwa kukiri kosa.

Saa sita mama na shangazi walikuwa wamerudi. Shangazi akakaanga vitunguu na nyanya kwenye mbabula, lile jiko la makaa, nje.

"Maharagi yameiva?"

"Yameiva, Shangazi," Falone alijibu.

Akapakua. Sahani ya kwanza alipewa mama yake, maana mwenye mimba hangojeshwi. Ya pili ilikuwa ya Papa Nzabandora, fundi wa paa. Falone alimtazama mama yake akinawa, akikata tonge la bugali, akilichovya kwenye maharage. Tonge likainuka.

"Mama, usikule!"

Akaikwapua sahani hadi mchuzi ukamwagika. Nyundo zikanyamaza.

"Hayakuiva," alisema huku akilia. "Mimi njo niliyaepua mapema. Nilidanganya."

Papa Sébastien alisimama, uso umemwiva kwa aibu mbele ya wenzake. Lakini Shangazi Athanasie alikwisha kumimina kila sahani tena sufuriani. "Washa moto," alisema tu. Kisha akaponda maparachichi kwa chumvi, akakata jibini nyembamba juu ya bugali ya moto, akaweka ndizi mbivu. Wajenzi walikula kivulini, wakasema kwa joto kama hili hata karamu haina utamu huu.

Falone alirudi kwenye lile jiko la moshi. Hakuna aliyemwambia akae, naye hakuinuka.

Saa tisa Papa Nzabandora alishuka kwenye paa, akachuchumaa karibu naye. "Nikimwambia papa yako paa limekwisha, na nusu ya misumari iko mufukoni mwangu, nani atalowa?"

"Sisi, Papa."

"Haya. Kapu la shangazi yako halina moto wake. Linatunza ule ulioutia wewe. Kurahisisha kazi si vibaya, binti yangu, lakini ile sehemu ndogo iliyobaki uifanye yote. Na ukikosea, sema mbele ya muntu kuweka mukono kwenye sahani. Leo umechelewa kusema, lakini umesema."

Falone alionja punje, akaonja nyingine, akaonja na ya chini kabisa. Ndipo alipopakua, akampelekea mama yake kwanza. Mama Euphrasie alishika tonge, akamtazama.

"Nikule?"

"Kula, Mama."

Akaketi miguuni pake, na hakusogea hata kidogo mpaka sahani ilipokwisha.