Maji Yaliyotuama Shambani kwa Tekla

Tekla na mumewe Bartholomeo Kalinga walihamia Uyole kutoka Idodi. Ilikuwa miaka ya hamsini. Kwao Idodi mvua ni haba, na mkulima hufurahi akiona maji yametuama shambani. Huku Uyole, kwenye mvua nyingi, nako walilima vilevile. Walipanda maharage bondeni, wakangoja.

Mvua ikanyesha. Ikanyesha tena. Maharage yakageuka njano, majani yakalegea kama yana kiu.

"Kiu gani hii, na maji yamejaa?" Bartholomeo aliuliza. "Kuna mtu ametuchezea."

"Hakuna mtu," Tekla alijibu. "Kuna jambo hatujalijua."

Bartholomeo alianza kupalilia kwa hasira. Aliinua jembe juu. Chuma kikachomoka kwenye mpini, kikamwangukia mguuni. Damu ilitoka nyingi. Tekla alimfunga kwa kipande cha kanga, akamkokota hadi nyumbani. Sasa chakula chao kilikuwa kinaoza shambani, na wa kulima alikuwa yeye peke yake.

Alimbeba mtoto wao mchanga mgongoni, akaenda kwa jirani yake, Atuganile. Mama huyu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, na mvua aliijua tangu utoto.

"Kamwene, mama," Tekla alisalimu kwa lugha ya kwao.

"Ugonile, mwanangu," Atuganile aliitikia kwa Kinyakyusa. "Mbona kanga ina damu?"

Tekla alimweleza yote. Wakaenda pamoja shambani. Atuganile aling'oa shina moja la maharage.

"Nusa."

Mzizi ulikuwa mweusi, unanuka kama tope la kinamasi.

"Mzizi nao unapumua," Atuganile alisema. "Udongo una nafasi ndogondogo za hewa. Maji yakizijaza, mzizi unakosa hewa, unaoza. Mzizi uliooza hauwezi kunywa. Ndiyo maana majani yanalegea."

"Nifanye nini, mama?"

"Inua matuta, mmea ukae juu. Yakatize mteremko. Ukiyaelekeza chini moja kwa moja, maji yatabeba udongo wako wote. Halafu pembeni chimba mfereji unaoteremka polepole hadi kijitoni. Majani ya kando yake usiyang'oe, yanashika udongo."

Kisha akaokota lile jembe. Lilikuwa limeshika kutu.

"Huwa mnaliweka wapi?"

"Tunaliacha hapa hapa."

"Basi ndiyo sababu lilimkata mumeo. Mti ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa. Mwisho mpini unalegea. Ukimaliza kulima, futa tope, kausha, paka chuma mafuta kidogo, weka ndani. Na kila asubuhi kagua kama limekaza."

Bartholomeo alichonga mpini mpya wa mti mkavu, mguu wake ukiwa juu ya kigoda.

"Kazi hiyo ya matuta na mfereji ni kubwa, Tekla. Ngoja nipone."

"Mvua haitangoja upone," Tekla alisema, akachukua jembe.

Alilima kila siku. Viganja vilichubuka. Alivifunga kwa vitambaa, akaendelea. Matuta yalipokwisha, alianza mfereji. Alipoufikisha kijitoni, mbingu ikafunguka.

Maji yalishuka kwa kishindo. Ukingo wa mfereji ukaporomoka, ukaziba njia, maji yakaanza kurudi shambani. Tekla aliyaona akiwa mlangoni, akamkabidhi Bartholomeo mtoto, akakimbia shambani. Aliingia mferejini, maji yakamfika magotini. Alizoa tope kwa jembe, kisha kwa mikono. Ghafla kizuizi kikaachia. Maji yakapita kando ya miguu yake, yakaenda zake kijitoni.

Tekla alisimama pale akitetemeka kwa baridi. Alicheka peke yake.

Maharage yaliyooza aliyang'oa. Akapanda mengine juu ya matuta. Mvua iliendelea, lakini safari hii majani yalikuwa ya kijani kibichi. Walivuna, wakala, wakaweka na mbegu.

Mwaka uliofuata Bartholomeo alitangulia shambani kabla ya mvua, akinyoosha kamba ya kupimia matuta. Majirani waliopita njiani wakasimama.

"Bwana Kalinga, nani amekufundisha hayo?"

Bartholomeo alinyoosha mkono kuelekea mferejini, Tekla alikokuwa akizibua.

"Muulizeni yule," alisema. "Na mje na majembe yenu ayakague."