Mtani Wangu Aliniita Mnyonya Damu, Nami Nikamjibu

Nina miaka thelathini na minne, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, ninaishi Kongowe, hapa Kibaha. Wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia Gwata na ng'ombe wao kabla sijazaliwa. Ninasomea shahada ya uzamivu. Nasema "ninasomea" kwa sababu siwezi kusema nimemaliza, wala siwezi kusema nimeacha... Nisikilizeni, wasomaji wenzangu, mjue nilivyonasa.

Utafiti wangu unahusu kinga ya watoto dhidi ya malaria. Kwa nini mtoto huyu akiumwa na mbu anaugua vibaya, na mwenzake wa nyumba ya pili anacheza tu? Ili nijue, ilinibidi nichukue damu kidogo ya watoto walewale mara mbili: kabla ya masika, na baada yake. Damu ya kwanza bila ya pili haina maana yoyote. Utampimaje mtoto urefu mara moja tu, halafu useme amekua?

Nilipangiwa Kurui, huko Kisarawe. Wazazi walinipokea kwa wasiwasi, na siwalaumu. Nani anapenda mgeni amchome mwanawe sindano? Aliyenifungulia njia ni Bi Mwanaidi, mama wa Kizaramo mwenye ulimi mkali na moyo mweupe. Yeye ndiye aliyetangulia kumleta mjukuu wake, wengine wakafuata. Aliposikia mimi ni Msukuma alipiga makofi. Sisi na Wazaramo ni watani! Tangu hapo akawa ananitukana kila tukionana, nami namrudishia, tukapendana kama mtu na shangazi yake.

Mwenzangu katika kazi alikuwa Renatus, mwanafunzi wa uzamivu kama mimi, chini ya msimamizi mmoja. Vijiji vyake vilikuwa upande wa Kibaha, lakini alinisaidia Kurui, nami nikamsaidia kwake. Nilimwamini... Mwanangu alimwita mjomba.

Damu ya kwanza ilipatikana yote. Kisha kaka yake Bi Mwanaidi akafariki. Nikamwambia Renatus twende msibani, hawa ni watu wetu sasa.

Mnajua kazi ya mtani msibani. Anawachekesha wafiwa, na akitaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Anajibu, tena anajibu kali zaidi. Bi Mwanaidi, macho mekundu kwa kilio, aliponiona alipaza sauti: "Jamani, ficheni watoto, mnyonya damu kaingia!"

Watu wakageuka. Ningefanya nini? Ninune? Nikajibu: "Damu za wajukuu zako ndizo tamu kuliko zote! Nyingine nimeshauza Dar!"

Jamvi zima lilicheka. Hata mjane alitabasamu. Bi Mwanaidi akanivuta, akanikalisha karibu yake. Renatus alikuwa amesimama pembeni na simu yake, naye anacheka.

Masika yalipoisha nilirudi Kurui. Nyumba ya kwanza, mtoto amesafiri. Ya pili, amesafiri. Watoto wa kijiji kizima wamesafiri, na wengine nawasikia wanacheza uani! Mwishowe baba mmoja kijana akanisimamisha njiani, akaniwekea simu sikioni.

"Hii sauti si yako, daktari?"

Ilikuwa yangu! Nilijisikia nikisema kwa kinywa changu kwamba damu za watoto ni tamu na nyingine nimeziuza. Hakukuwa na picha. Maneno ya Bi Mwanaidi yamekatwa, vicheko vimekatwa, nimebaki mimi peke yangu. Nikamwambia nilikuwa natania. Akasema kila mwizi akishikwa husema hivyohivyo.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Bi Mwanaidi alisimama kunitetea, Mungu ambariki. Alieleza yote, akaapa... na watu wakacheka! Mzee mmoja akamwambia, "Mwanaidi, wewe ni mtani wake. Sisi tutajuaje kama leo unasema kweli?" Mama wa watu alilia, na bado wapo walioona anatania. Kesho yake mkwewe alimkatalia hata yule mjukuu wa kwanza.

Katika kazi yetu mzazi akikataa, basi, hashurutishwi. Ni sheria nzuri. Lakini ndiyo iliyonifungia mlango.

Nilikumbuka nani alisimama na simu msibani, nikamuuliza Renatus. Alikiri upesi, tena anacheka. Sauti ile aliirekodi na kuirusha kwenye kundi la vijana wetu wa kazi, ikasambaa kutoka huko. Na kuikata je? Eti aliikata ili iwe fupi. "Si utani tu, dada?" Utani! Kabila lake na langu hayataniani hata kidogo! Kikulacho ki nguoni mwako...

Msimamizi alisikitika, akanishauri nianze upya wilaya nyingine. Kijiji kipya, watoto wapya, kusubiri masika mapya. Renatus ameshavaa joho. Mimi je? Chuo ninachofundisha kilinipa ruhusa kwa sharti nirudi na shahada, kwa hiyo nikiacha sina pa kurudi. Nikiendelea, mume wangu ananiuliza nitamaliza lini. Maji nimeyavulia nguo, sawa, lakini nitayaoga hadi lini?

Mwezi uliopita nilikwenda Gwata. Baba alikuwa na wageni, akaniita kwa sauti, "Daktari wangu, njoo usalimie!" Nikaenda, nikawaamkia mmoja mmoja. Wakauliza sherehe lini. Baba akanijibia: mwakani. Mwaka jana pia alisema mwakani... Nikainama nikawamiminia chai.

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaotamani kazi hizi za utafiti, tanianeni, utani ni dawa. Lakini msiitanie kazi inayoishi kwa kuaminiwa, hata kama mila inawaruhusu, hata kama aliyeanza anawapenda. Nyamaza, uitwe mwenye maringo. Ni afadhali!

Na ukimwona asiye mtani wako anacheka kuliko wenye utani wao, muulize anacheka nini. Mimi sikumuuliza. Nilifurahi kwamba naye anacheka.